Jina la Nani Litangulie?

Twapenda mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo pengine mtastaajabu kuliona katika ukurasa huu, nalo ni jinsi majina ya wachezaji wa sinema yanavyopangwa mwanzoni mwa picha. Msiharakishe kutulaumu. Hatukugeuka kuwa wapiga debe wa sinema katika utu uzima huu. Ni watoto waliotutia katika mazungumzo haya, na mtoto akiuliza swali la haki, mwalimu hana budi kulijibu, au akiri kuwa halijui kisha aende akalitafute.

Ilikuwa hivi. Jioni moja tulikwenda kumzuru ndugu yetu aliyekuwa hajiwezi, tukamkuta amelala, na wajukuu zake wawili wako ukumbini wanatazama televisheni. Picha iliyokuwa ikianza ni ya zamani, ya Kimarekani, ihusuyo moto mkubwa katika jumba la ghorofa 138. Mara yakatokea majina mawili kwa pamoja: moja upande wa kushoto, chini kidogo, la pili upande wa kulia, juu kidogo. Yule mtoto mkubwa, aliye darasa la sita, akasema, "Wa kushoto ndiye mkubwa, kwani ndiye asomwaye kwanza." Mdogo wake, ambaye kila alasiri yuko mbele yetu na juzuu yake, akamjibu, "La, mkubwa ni wa kulia. Kusoma huanzia kulia, tena jina lake liko juu." Wakabishana hata wakatugeukia, "Maalim, tuamue. Ni nani mkubwa kati ya hawa?"

Tuliwaambia wangoje. Tukauliza wajuao, tukasoma, na tulipofika mwisho wa kusoma tukaona kuwa neno walilobishania watoto wale wawili mkekani ndilo neno walilobishania watu wazima, wenye mali na mawakili wao, kwa miaka mingi.

Picha ile yaitwa The Towering Inferno, nayo ilitoka mwaka 1974. Ndani yake mlikuwa na mafahali wawili: Steve McQueen, aliyecheza mkuu wa wazimamoto, na Paul Newman, aliyecheza msanifu wa jumba lenyewe. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mmoja alikuwa nyota wa daraja la kwanza, na jina la kila mmoja lilitosha peke yake kuwajaza watu ukumbini. Basi litangulie la nani? Ndipo ikapatikana hila ile waliyoiona watoto wetu. Jina la McQueen likawekwa kushoto lakini chini, na la Newman likawekwa kulia lakini juu. Asomaye kutoka kushoto humkuta McQueen kwanza, na atazamaye kutoka juu humkuta Newman kwanza, hata kila mmoja akaweza kurudi nyumbani kwake na kusema, "Mimi ndimi wa kwanza." Illa waliopanga hivyo hawakumfikiria mtoto wetu wa chuoni, ambaye kwake Newman ameyapata yote mawili, kulia na juu, na McQueen hakupata kitu.

Tena haikuwa mara ya kwanza kwa mabwana hawa kupimana. Yasimuliwa kuwa McQueen alitakiwa acheze pamoja na Newman katika picha ya Butch Cassidy and the Sundance Kid, iliyotoka mwaka 1969, na mazungumzo yakavunjika kwa sababu ya jambo lili hili la jina. Nafasi ile akapewa Robert Redford, ambaye wakati huo hakuwa na sifa kama za wenziwe. Yeye akakubali jina lake lifuate la Newman. Picha ile ndiyo iliyomwinua, hata baadaye chuo alichokianzisha cha kuwasaidia watengenezaji wa sinema kikaitwa Sundance, kwa jina la yule mtu aliyemcheza. Aliyekataa nafasi ya pili aliikosa picha, na aliyeikubali alipata jina la maisha.

Ili tuifahamu asili ya ugomvi huu, haina budi turudi nyuma kidogo. Sinema ilipokuwa changa, wachezaji hawakutajwa kabisa. Watu walilipa senti zao, wakaona nyuso, wakazipenda, wala wasijue ni za nani. Makampuni hayakuona faida ya kuyataja majina, kwani mchezaji akijulikana atataka mshahara mkubwa. Alikuwako binti mmoja katika kampuni ya Biograph aliyependwa mno na watazamaji, nao kwa kukosa jina lake wakamwita Binti wa Biograph, kana kwamba ni bidhaa ya dukani. Jina lake hasa lilikuwa Florence Lawrence. Mwaka 1910, Carl Laemmle, aliyekwisha mvuta bibi huyo kwenye kampuni yake mwenyewe, alitoa tangazo la kukanusha uvumi kuwa amefariki, na katika tangazo lile akaweka picha yake na jina lake waziwazi. Kisha bibi huyo akapelekwa katika mji wa St. Louis, umati ukaja kumtazama. Tangu hapo wenye makampuni wakafahamu kuwa jina nalo ni biashara, na kilichofichwa jana kikawa kinauzwa leo.

Na kitu kikishakuwa na bei, watu hukiandikia mikataba. Katika mkataba wa mchezaji mkubwa mwaweza kukuta yameandikwa haya: jina lake litokee kabla ya jina la picha au baada yake, litokee peke yake au pamoja na majina ya wengine, herufi zake ziwe na ukubwa gani zikilinganishwa na herufi za jina la picha, na katika matangazo ya ukutani liwe mahali gani. Aliye maarufu akikosa nafasi ya mwanzo hutafutiwa ya mwisho, likatangulizwa neno "na" mbele ya jina lake ili watu wajue kuwa hakuachwa nyuma bali amehifadhiwa. Wakishindwa kabisa kupatana, hupangwa kwa mfuatano wa herufi za alfabeti, au kwa jinsi wanavyotokea katika kisa.

Basi msidhani kuwa atajwaye kwanza ndiye aliyefanya kazi kubwa. Katika picha ya Superman ya mwaka 1978, aliyecheza Superman mwenyewe ni kijana Christopher Reeve, naye ndiye aliyeibeba picha ile mabegani mwake. Lakini waliotangulizwa ni Marlon Brando na Gene Hackman, kwa kuwa wao walikwisha kuwa na sifa na yeye alikuwa hajajulikana. Mpango wa majina hauelezi ni nani aliyetoka jasho. Waeleza ni nani aliyekuwa na nguvu siku ile mkataba ulipotiwa saini.

Hata hapa twaona msomaji mmoja anatikisa kichwa na kusema, "Haya yote ni upuuzi wa watu wa dunia." Twakubali kuwa sehemu yake ni upuuzi. Lakini si yote, na hilo ndilo lililotufanya tushike kalamu. Kwani katika jambo hili la majina mna mambo mawili yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa asili. La kwanza ni mtu kugombea atangulie. La pili ni mtu kudai atajwe. La kwanza ni tamaa, na la pili ni haki. Mwenye kuyachanganya hayo mawili atamdhulumu mtu siku moja naye anadhani anamfundisha unyenyekevu.

Tutatoa mfano wa picha moja ambayo ndani yake mlitokea wema mkubwa wa jina na dhuluma kubwa ya jina. Yaitwa Roman Holiday, nayo ilitoka mwaka 1953, ikiwa imepigwa katika mji wa Rumi chini ya uongozi wa William Wyler. Nyota wake alikuwa Gregory Peck. Kwa mkataba wake jina lake ndilo lililostahili kukaa peke yake juu ya jina la picha. Pamoja naye alikuwako msichana ambaye Wamarekani walikuwa hawajamjua, Audrey Hepburn, na jina lake lilipangiwa kufuata chini kama la mgeni anayejulishwa kwa watu. Wakati kazi ikiendelea Peck alimtazama akicheza, akafahamu kuwa picha ile ni ya msichana huyo. Akawaambia wakubwa wake kwamba jina la Hepburn lipandishwe likae juu pamoja na lake. Hakuna sheria iliyomlazimisha, na mkataba ulikuwa upande wake. Mwaka 1954 Hepburn akapewa tuzo ya Oscar ya mchezaji bora wa kike kwa kazi ile. Na Peck je, alipungukiwa na nini? Hakupungukiwa na kitu. Alicheza miaka mingi baada ya hapo, na tuzo yake mwenyewe akaipata mwaka 1963.

Huo ndio wema wenyewe. Sasa sikilizeni dhuluma iliyokuwa ndani ya picha iyo hiyo. Kisa cha Roman Holiday kilitungwa na Dalton Trumbo, lakini picha ilipotoka jina lake halikuwemo. Mwaka 1947 mtu huyu aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyokuwa ikiwatafuta makomunisti, akakataa kujibu maswali yake, na mwaka 1950 akafungwa gerezani. Makampuni ya sinema yalikuwa yamekwisha kumpiga marufuku yeye na wenziwe. Akawa anaandika kwa kujificha, na kisa hiki kikatoka kwa jina la rafiki yake, Ian McLellan Hunter, aliyekubali kumsitiri. Kisa kikapata tuzo, na tuzo ikatolewa kwa jina lisilo lake. Trumbo alifariki mwaka 1976. Mwaka 1993 ndipo tuzo ile ilipotolewa kwa jina lake, ikapokewa na mjane wake. Na mwaka 2011, chama cha waandishi wa sinema kikarudisha rasmi jina lake katika kazi ile. Kutoka 1953 hata 2011 ni miaka 58. Aliyeandika alikuwa amekwisha kufariki, lakini jina la baba lina thamani kwa watoto hata baada ya baba kuondoka.

Angalieni tofauti. McQueen na Newman walipimana nani awe juu na nani awe kushoto, na hata wangepangwa vinginevyo ulimwengu ungewajua wote wawili. Trumbo hakugombea juu wala chini. Alinyimwa kuwapo.

Wala msidhani kuwa mambo haya yako mbali nasi, ng'ambo ya bahari peke yake. Mwaka 1950 ilitoka picha iitwayo King Solomon's Mines, iliyopigwa katika ardhi zetu hizi, katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo. Waliotangulizwa ni Deborah Kerr, Stewart Granger na Richard Carlson, kila mmoja kwa jina lake kamili. Wako Waafrika waliopewa sehemu kubwa katika kisa, na hao walitajwa. Illa walitajwa kwa jina moja moja na kabila lao: Kimursi wa kabila la Kipsigis, Siriaque wa kabila la Watutsi, na wengineo kwa mtindo huo. Huyo Siriaque alicheza Umbopa, ambaye mwisho wa kisa yadhihirika kuwa ndiye mfalme wa haki aliyenyang'anywa nchi yake. Katika kisa ni mfalme, na katika orodha ni mtu asiye na jina la baba. Hakuna aliyemwandika Granger kuwa ni wa kabila la Waingereza. Na hao ndio waliobahatika. Wapagazi waliobeba mizigo mbele ya mtambo wa kupigia picha, na wale waliocheza ngoma zao katika jua kali, nyuso zao zimo hata leo na majina yao hayamo. Yamkini wako katika wasomaji wetu ambao babu zao walipita katika picha ile, nao hawana njia ya kuwatambua.

Sasa, wasomaji wetu, tumewasema watu wa Hollywood vya kutosha. Imetupasa tujiseme na sisi, kwani mwalimu anayeona vumbi la jirani na haoni la ukumbini mwake hafai kusikilizwa.

Miaka michache iliyopita chuo chetu kilijengewa chumba cha pili. Mabwana wawili wa mtaani walitoa fedha nyingi kuliko wengine, nao walikuwa na mashindano ya tangu ujana. Ilipokaribia siku ya kukifungua chumba kile, kila mmoja akatuma mtu kwetu kwa siri kuuliza jina la nani litasomwa kwanza. Tulikesha siku tatu juu ya swali hilo. Tuliandika orodha, tukaifuta, tukaiandika tena. Mwisho tulimpa mmoja kusomwa kwanza na mwingine kuandikwa kwanza juu ya ubao, hila ambayo hatukujua wakati ule kuwa wenzetu wa sinema wametutangulia kuibuni. Siku ikafika, majina yakasomwa, mabwana wote wawili wakatabasamu, nasi tukahisi kuwa tumefanya kazi ya hekima.

Wiki iliyofuata mtoto mmoja hakuja chuoni. Wiki ya pili hakuja. Tulipouliza tukaambiwa kuwa ni mtoto wa yule mama aliyekuwa akiwatekea mafundi maji. Chumba kile kilijengwa wakati wa kiangazi, na bomba la mtaa lilikuwa kavu. Mama huyu mjane alikuwa akiamka kabla ya alfajiri kwenda kisimani, akaleta ndoo baada ya ndoo za kukorogea saruji, kwa muda wa miezi miwili, wala hakuomba ujira. Katika siku zetu tatu za kukesha, jina lake halikutupitia kichwani hata mara moja.

Tulikwenda kwake, tukabisha hodi. Akatukaribisha kwa adabu, akatupa mkeka. Tukamwambia, "Dada yetu, tumekuja kukutaka radhi. Tumekosa." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mimi sikutaka kusomwa mbele ya mabwana. Wao wametoa mali, wana haki yao. Lakini mwanangu aliniambia, 'Mama, wewe pia utatajwa,' akaketi mstari wa mbele siku ile akingoja. Yakasomwa majina yote hadi mwisho, akarudi nyumbani akaniuliza, 'Mama, kwani yale maji hayakuwa kitu?' Sikuwa na la kumjibu."

Hatukuwa nalo na sisi. Wasomaji wetu, tumefundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, na hatukumbuki swali lililotuelemea kama lile. Ijumaa iliyofuata tulisimama mbele ya watoto na wazazi, tukalitaja jina lake na kazi yake, tukaeleza kuwa lilisahauliwa kwa kosa letu na si kwa udogo wa kazi yake. Mtoto akarudi chuoni. Lakini twajua, naye ajua, kuwa jina lililotajwa baadaye halifanani kabisa na jina lililotajwa wakati wake.

Kwa hiyo nasaha yetu kwa nyumba zenu ni nyepesi. Katika harusi, katika hitima, katika shughuli ya mtaa, msipoteze usiku kuamua nani atangulie. Wanaogombea hilo wapangeni kwa alfabeti, mkalale. Usiku wenu utumieni kujiuliza: nani tumemsahau? Nani alipika? Nani alifagia? Nani alikwenda kisimani? Na katika nyumba, chakula kikiliwa na kusifiwa, itajwe mikono iliyokipika, hata ikiwa ni ya binti wa kazi. Yeye naye ana jina na jina la baba yake, wala si sawa kumwita "yule msichana" mwaka mzima. Ahsante ya punda ni mateke, walisema wazee. Na kumsahau mtu ni teke lisilo na sauti.

Tulipowarudia wale watoto wawili tuliwaambia kuwa wote wamepata na wote wamekosa, kwani majina yale yalipangwa makusudi ili swali lao lisiwe na jibu. Kisha tukawaeleza neno ambalo hawakuliona kwa sababu walikuwa wakibishana. Mwanzoni mwa picha ile mna maandishi ya kuitunukia kazi yote kwa wazimamoto wa ulimwengu, watu watoao maisha yao ili wengine waishi. Hao hawakutajwa hata mmoja kwa jina, wala hawakuuliza nani awe kulia na nani awe kushoto wapandapo ngazi. Yule mdogo akafikiri, akasema, "Maalim, basi mimi nataka kuwajua hao." Tukamwambia aanze na wale wa mtaani kwake.

Tukijaaliwa uhai tutakutana mwezi ujao. Wassalaam.